Fomu ya Minza

Mzee Manyanda aliingia ofisi ya walimu bila kubisha hodi, akapiga meza kwa fimbo, na madaftari yakamwagika sakafuni.

"Nani amemfundisha binti yangu upuuzi huu?"

Mkononi alishika karatasi iliyokunjwa. Mwalimu Nathanael aliitambua hata kabla haijafunguliwa. Wiki hiyo alikuwa amewagawia wanafunzi wa kidato cha nne fomu za kuandika kazi wanayotaka kufanya maishani. Walikwenda kuzijazia nyumbani ili mzazi atie saini. Alijua tu kwamba kuna mzazi atakuja na fimbo. Kwenye semina ya walimu kule Mpanda waliambiwa hivyo hivyo, kati ya chai na soda.

Mlangoni alisimama Minza mwenyewe, wa kwanza darasani kwa hesabu na fizikia, macho chini.

"Karibu ukae, baba Minza."

"Sikai! Nimepanda bodaboda tangu alfajiri, mgongo wote unaniuma. Ukoo mzima tumekaa kikao, tumekataa. Bibi yake mpaka sasa analia."

"Analilia nini?"

"Aibu! Mimi nina ng'ombe, mwalimu. Wakienda kunywa maji, wa mbele wanarudi wa nyuma hawajatoka zizini. Halafu Inyonga nzima isikie binti wa Manyanda anataka kazi ile?"

Nathanael alivuta pumzi. Kwa miaka sita ameona wasichana wakipungua darasani mmoja mmoja, leo huyu kaolewa, kesho yule, na yeye hajawahi kufungua mdomo. Safari hii alisimama, akakaza tai.

"Sasa nisikilize vizuri, mzee. Zama za kumpima binti kwa ng'ombe zimekwisha. Mtoto huyu ana akili. Akitaka udaktari, atakuwa daktari. Akitaka urubani, atapitisha ndege juu ya zizi lako, na hao ng'ombe wako watakimbia mpaka Kibaoni! Ndoto ni yake. Si yako, wala ya ukoo. Mtu mzima anayefuta ndoto ya mtoto ni mwizi tu, kama mwizi mwingine."

Madamu Rozalia, aliyekuwa akisahihisha mitihani kwenye meza ya pembeni, alipiga makofi. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Nathanael alijiona mwanamume.

Manyanda alikuwa amesikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi, kama yuko kanisani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Umesema vizuri sana. Hata mimi nilikuwa naitaka hiyo ndege." Akamsogezea karatasi. "Na huo udaktari ningeusaini kwa mikono miwili. Hebu soma alichoandika."

Nathanael aliikunjua fomu, akasoma kwa sauti. Mwandiko ulikuwa safi, wa wino wa bluu, umepigiwa mstari kwa rula: *Mwalimu wa sekondari, kama Mwalimu Nathanael.*

Madamu Rozalia aliinamia tena mitihani yake. Minza aliinua uso, akamtabasamia mwalimu wake.

Nathanael alifungua droo, akatoa fomu mpya.

"Njoo ukae hapa, mwanangu," alisema. "Mzee ana hoja."