Picha Mbili za Malimau

"Usiguse uso wa picha, mzee wangu. Shika fremu tu," mtaalamu alisema.

Mtunza stoo wa jumba la sanaa aliishika fremu kwa ncha za vidole, akailaza picha mezani taratibu kama anayemlaza mtoto aliyesinzia. Wenzake walimwita Mzee Funguo kwa sababu ya kishada cha funguo kilichomning'inia kiunoni, na ilikuwa imebaki miezi miwili astaafu. Picha ilikuwa imekaa stoo miaka thelathini na moja. Mgongoni ilikuwa na neno moja la wino mwekundu: NAKALA.

Ilionyesha malimau matatu kwenye sahani ya fedha. Moja lilikuwa limemenywa nusu, ganda lake likining'inia ukingoni mwa meza. Juu ya jingine alikuwa ametua nzi.

Mtaalamu, mwanamke ambaye hajafika arobaini, alikuwa ameandika barua nne kuomba ruhusa ya kuichunguza. Kando ya picha ile aliweka nyingine aliyokuja nayo, imefungwa kwenye shuka.

"Na hii ya nani?" Mzee Funguo aliuliza.

"Ya yule fundi."

Mzee akavuta kiti, akakaa.

Alimkumbuka vizuri. Alikuwa fundi wa kusafisha picha za kale, mcheshi, suruali zake zote zina madoa. Walimpa malimau yale akayasafishie nyumbani kwake kwa sababu karakana ya jumba ilikuwa inavuja. Baada ya miezi mitatu aliirudisha picha iking'aa mno. Mkurugenzi wa wakati huo akaitazama mara moja tu, akasema hii si picha ya miaka mia tatu, hii imechorwa juzi. Ile yenyewe imeshauzwa. Fundi alihukumiwa miaka kumi. Hakufikisha minne. Kifua kilimmaliza humohumo gerezani.

"Nilimpelekea sabuni mara mbili," Mzee Funguo alisema. "Mara ya tatu nikaona haya. Nikajiambia, huenda kweli aliiba."

Mtaalamu alifungua shuka.

Picha ya pili nayo ilikuwa ya malimau, lakini yalikuwa kwenye bakuli jeupe la bati lililobanduka rangi, juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Kisu kilikuwa na mpini uliofungwa uzi. Limau moja lilikuwa limekatwa, na kando yake kulikuwa na kikombe cha chai kilichonywewa nusu.

"Mbona hazifanani hata kidogo!" alisema mzee.

"Hazifanani. Yule mchoraji wa zamani alichora malimau ili watu wakumbuke kufa, ndiyo maana ya yule nzi. Huyu alichora tu kilichokuwa jikoni kwake."

Alivuta mapazia, akawasha taa ndogo yenye mwanga wa zambarau. Weupe wa bakuli ukafifia, ukawa giza. Weupe wa sahani ya fedha ukabaki uking'aa kama maziwa.

"Rangi nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi, nayo kwenye taa hii hung'aa hivyo," alisema. "Hii ya bakuli ni ya kiwandani. Miaka mia tatu iliyopita haikuwepo duniani."

Kisha akampa mzee lenzi, akamwonyesha mipasuko ya rangi kwenye ganda la limau la picha ya stoo, myembamba kuliko unywele, ikizama tabaka hadi tabaka. Mipasuko kama hiyo huletwa na miaka tu.

Mzee Funguo aliinua kichwa polepole. "Kwa hiyo hii..."

"Ndiyo yenyewe. Ile ile waliyompa. Iling'aa kwa sababu aliisafisha."

Nje ya mlango mtu alipita akisukuma kigari, magurudumu yakilia.

"Na hii ya bakuli umeitoa wapi?" mzee aliuliza hatimaye.

"Kwa mjane wake. Alifariki mwezi uliopita. Siku askari walipokuja kupekua, aliificha nyuma ya kabati. Aliogopa itamponza mumewe. Akaiacha huko miaka yote."

"Masikini! Ndiyo hasa ingemwokoa."

"Ndiyo. Wangeona alichokuwa akichora."

Mzee Funguo alisimama, akaenda dirishani, akarudi. Uso ulikuwa umemwiva.

"Unajua kesi ile ilikuwa inakufa? Hawakuwa na kitu. Halafu akazuka huyo shahidi wa nne. Eti amemwona kwa macho yake mawili, siku nyingi tu, amekaa na brashi anachora malimau. Ikawa kwisha habari yake. Alisikilizwa faraghani, na mpaka leo jina limefutwa kwenye faili. Sijui walimhonga nini, mshenzi yule."

Mtaalamu alikuwa akifuta lenzi. Aliendelea kuifuta hata baada ya kusafika.

"Hakuhongwa," alisema.

"Unamtetea?"

Mtaalamu alivuta karatasi, akaandika taarifa yake kwa mistari sita, akaweka sahihi na tarehe. Mzee Funguo alichukua kitambaa na spiriti, akaanza kulisugua lile neno jekundu.

"Mimi nimezeeka, mwanangu, sina tena hasira za kubeba," alisema bila kugeuka. "Lakini huyo mtu nikimwona, nitamtemea mate. Wewe ungekutana naye ungemwambia nini?"

Mtaalamu alivua miwani, akaiweka juu ya meza kati ya picha mbili.

"Ningemwambia hakusema uongo. Aliulizwa kama baba yake huchora malimau, akafurahi kuulizwa. Nilikuwa na miaka sita."