Isizidi Chumvi ya Machozi

"Haya mama, sasa mnyweshe mtoto nione," nilisema.

Kazi yangu ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba vijijini, kupima kama mafunzo ya afya yamewaingia watu. Huyu yalikuwa yamemkolea. Alinawa kwa sabuni hadi viwiko. Alipima maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari, akakoroga kinywaji cha mtoto anayeharisha bila kumwaga hata tone. Kisha akaonja.

"Isizidi chumvi ya machozi," alisema, kama alivyofundishwa.

Nilifurahi kweli. Tangu asubuhi watu walikuwa wananibahatishia tu.

Mhudumu wa afya wa kijiji, aliyenileta pale, alinivuta shati. Nilidhani ana haraka zake.

"Mtoto amelala?" niliuliza. "Mwamshe kidogo tu."

Mama aliutazama mkeka mdogo uliokunjwa na kuegemezwa ukutani. Hakukasirika. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Mafunzo yenu yalifika akiwa ameshatangulia, kaka," alisema. "Nikajifunza hivyo hivyo. Mikono ilikuwa inatafuta kazi."



Alichota kijiko, akakipuliza, ingawa maji yalikuwa yamepoa zamani. Akapiga goti mbele ya kigoda nilichokalia, akakinga kiganja chini ya kidevu changu, yasije yakadondoka.

"Haya, baba," alinibembeleza. "Fungua mdomo."

Nikafungua.