Meza ya Kudra

Sahani ya makande ilikuwa inamchoma Esta vidole, lakini miguu ilikataa kutoka mlangoni mwa bwalo.

Kulia, Kudra na kundi lake walikuwa wamemwachia nafasi yake, kama kawaida. Kushoto, meza ya mwisho, Ikupa alikuwa anakula peke yake.

Shule nzima ile ya bweni, nje kidogo ya Mafinga, ilimjua Esta kuwa mtoto wa mjini, wa Kihesa. Ikupa tu ndiye aliyejua ukweli: walikua pamoja kijijini Madibira, wakifukuza ndege kwenye majaruba ya mpunga. Na hakuwa amemwambia mtu.

Siku Ikupa alipohamia, Kudra alimtazama Esta, akasubiri. Esta aliogopa kuumbuka, akatoa la kwanza lililomjia mdomoni: "Huyo ananuka tope." Kundi likaangua kicheko. Tangu hapo hakuna aliyekaa na Ikupa, na Esta akawa mfungwa wa macho ya Kudra. Kabla ya kucheka, Kudra humtazama. Kabla ya kuinuka mezani, humtazama. Chakula cha meza ile hakikuwahi kumshuka vizuri.

Juzi alikwenda kwa Madam Matilda, mwalimu wa malezi, akalia mpaka kwikwi.

"Unamwogopa Kudra?" Madam alishangaa. "Kudra huyuhuyu?"

"Ndiyo, madam. Nikimwacha nimekwisha."

"Basi wewe kakae na Ikupa. Ukianza, utaona mwenyewe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Esta akakata kushoto. Vijiko vikasimama bwalo zima. Akaketi mbele ya Ikupa.

"Nisamehe," alisema, na safari hii alitaka wote wasikie. "Hata mimi ni wa Madibira. Tope tulikanyaga wote."

Ikupa alisogeza sahani yake kumpisha, machozi yanamlenga.

Nyuma yao benchi likaburutwa, kisha hatua zikaja, za watu wengi. Esta akafumba macho, akangoja kuzomewa.

Alipoyafumbua, Kudra alikuwa amesimama kando yake na sahani mkononi, kundi zima nyuma yake.

"Esta," alisema, sauti inamtetemeka, "kwa hiyo na sisi sasa unaturuhusu kukaa naye?"