Shamba Linapigwa Picha

Gari lilishawaka, godoro lishafungwa kamba juu, na Zahor ameshakaa mbele karibu na dereva, pale alipotoa kichwa dirishani.

"Bi Mayasa! Nipalilie walau huku mbele, panapoonekana kutoka barabarani. Nnakuomba, jirani."

"Picha haipigwi kutoka barabarani, Zahor. Inapigwa kutoka juu," Bi Mayasa alimjibu, jembe begani. "Na jembe langu lina kwao."

"Basi wakilichukua shamba na walichukue. Mie nshapata viza."

Akacheka, gari likaondoka kwenda uwanja wa ndege, na huko apande kwenda Maskati kwa dada yake. Nyuma aliacha eka tatu za magugu na vichaka. Mbuzi akiingia humwoni tena mpaka atake mwenyewe. Miaka minne Zahor alikuwa analima kwa mdomo. Kila Jumapili alikuja kutoka Kikwajuni, mjini, na viatu vyeupe, akatazama, akarudi.

Bi Mayasa hakumwonea huruma. Ng'ambo ya mpaka wa shamba hilo alikuwa na eka tatu zake, alizozilima miaka ishirini na mbili, tangu marehemu mumewe yuko hai. Hakuwa na jengine duniani. Na barua ya mradi wa mashamba ya serikali ilikuwa wazi, sheha wa hapo kijijini aliisoma mara mbili mbele ya watu: mashamba yote waliyopewa watu kulima yatapigwa picha na satelaiti. Wataalamu wataisoma picha mjini, na shamba litakaloonekana limetelekezwa, mwenyewe atanyang'anywa, apewe jirani anayejali.

Jirani anayejali. Neno hilo Bi Mayasa alilishika vizuri. Kabla vumbi la gari la Zahor halijatua, alishapanga wapi atapanda migomba.

Mtoto wa kaka yake, Msabah wa Mpendae, alikuwa dereva wa mradi. Alikuja siku hiyo hiyo, Jumapili, akanywa chai, akachungulia mlangoni kwanza ndipo aseme.

"Shangazi, hukusikia kwangu. Chombo kinapita Alkhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Pakiwa na mawingu tu ndiyo watangoja duru nyengine."

"Kitaona nini huko kilipo?"

"Mie dereva tu, shangazi. Lakini nnawasikia garini, wanasema hata kibanda cha kuku kinaonekana."

"Basi na wakute pasafi."

Ndivyo alivyolelewa. Mgeni hakuti taka uani, na mtu hapigwi picha na nguo za jikoni.

Jumatatu alfajiri alimwita Silima, kibarua wake wa siku zote. Wakaanza na magugu, wakayang'oa mpaka yale ya kando ya njia ambayo si ya mtu. Wakaja kwenye viazi vitamu vilivyotambaa ovyo, wakavichimba. Ukabaki muhogo. Ulikuwa umesimama vizuri, umefika kifuani, umefunika ardhi yote.

"Na huu nao utoke," alisema Bi Mayasa.

Silima aliegemea jembe. "Huu si wa Ramadhani huu? Bado miezi miwili. Tuupalilie tu, bibi yangu."

"Huoni ulivyokaa? Mmoja huku, mmoja kule, kama meno ya mzee. Shamba la mtu anayejali huonekana matuta."

"Mimi nimesema tu. Shamba lako."

"Bado langu, na nnataka libaki langu."

Wakaung'oa wote. Mdogo, haujajaa, mwengine walikula, mwengine aligawa, uliobaki wakala ng'ombe wa watu. Jumatano alasiri matuta yalikuwa yamelala sambamba kutoka mpaka hadi mpaka, udongo mwekundu umevunjwa laini kama unga. Bi Mayasa akachukua ufagio wa chelewa akafagia katikati ya matuta, kinyumenyume, ili asiache hata alama ya mguu wake.

"Mashaallah!" alisema kila aliyepita. "Hapa pa kutandika mkeka wa arusi."

Hofu yake ilibaki moja tu, mawingu. Aliomba dua kila baada ya sala, na Mungu hakumnyima. Alkhamisi anga ilikuwa kama sahani iliyooshwa. Saa nne na robo alivaa kanga mpya, akasimama mwisho wa matuta, akainua uso. Hakuona kitu. Hakujua kama inafaa kupunga mkono, akapunga.

Kisha akageuka kuvitazama vichaka vya Zahor, vimebanana, vinang'aa kwa jua la asubuhi.

"Leo aibu yako itapaa mbinguni," aliviambia.

Majibu yalibandikwa kwa sheha baada ya wiki tano. Siri ya Msabah haikujulikana. Alipewa gari jipya la mradi, na bado anaendesha. Silima alipata kazi ya bustani katika hoteli moja ya Nungwi. Bi Mayasa anakaa Mpendae, chumba cha uani, na Msabah akirudi kazini hamwulizi habari za satelaiti. Zahor yuko Maskati mpaka leo. Walimpigia simu kumpa hongera, kwamba shamba lake limetoka la kwanza shehia nzima, uoto mzito kutoka mpaka hadi mpaka, na kwa sababu hiyo amekabidhiwa na zile eka tatu za jirani yake, ambazo kwenye picha zilionekana udongo mtupu, hazina mtu.