Wawili Wawili

Mzee yule alifungua mlango nusu, kama kila Jumatano, vidole vimejaa magamba ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani aliokuwa akiwasafisha. Miaka minne aliwafukuza akina mama wa Lejio ya Maria waliokuja kumhubiria, na miaka minne walirudi, maana sheria yao ni kwenda wawili wawili, hata pale wasipotakiwa.

Leo Nsimire, mmoja wa wawili hao, alikuja peke yake.

"Mwenzako, ile maman wa maneno mingi, iko wapi?"

"Tulimuzika juzi, papa."

"Na bado unakuja? Miguu yako haichoke?"

"Jumatano iko siku yetu."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Tangu mazishi hakuna kilichomuuma.

Mzee aliangalia vidole vyake. Gamba moja lilikuwa limeganda juu ya ukucha wa gumba. Alilikwangua, halikutoka.

"Basi uniambie kitu kimoja, nitakuacha uingie. Alikufa akiwa anaamini ile mambo alikuwa ananihubiria hapa?"

Nsimire alijua jibu linalotakiwa. Ndiyo moja tu, na mlango wa miaka minne unafunguka. Alikumbuka hospitali, rozari mkononi mwake, na mwenzake amegeukia ukuta.

"Siku ya mwisho aliniambia niache kusali," alisema. "Nikaacha."

Mzee akasukuma kiti kwa mguu mpaka kizingitini.

"Ikala, maman. Sasa sema yako."