Chini ya Ulimi

Harith alipofumbua macho akaona ni nani aliyeshika dawa yake, alitaka kushuka kitandani.

"Nileteeni nesi mwingine!" alihema, mkono kifuani. "Huyu ataniua!"

"Wengine wana kazi," alisema Ummukulthum. "Kaa hivyo hivyo, usije ukaanguka."

Akampima presha. Moyo wake mwenyewe ulimwenda mbio kwa furaha, wala hakuona haya. Mwanamume huyu alimpa talaka Unguja mbele ya ukoo mzima, akamwita tasa, kisha akaja London kutamba. Yeye alilelewa kumsitiri mume, akamsitiri, na uchungu akaumeza peke yake.

Leo alikuwa na kichupa kidogo mkononi. Mpulizo mmoja chini ya ulimi, mishipa ya moyo inafunguka, maumivu yanatulia. Lakini ukimpulizia asiyefaa kupewa, presha inaporomoka na mtu anakwenda zake.

Ulimi ule ule uliomwita tasa.

Bi Zuwena, mama yake Harith, alisimama pembeni, hina ya harusi bado mbichi vidoleni.

"Mpe dawa, we mwanamke! Jana tu tumeoza hapa hapa London, Peckham, msichana wa watu hata hajazoea nyumba. Hukutuzalia, basi usituulie!"

"Kwanza kuna maswali," alisema Ummukulthum. "Ni ya faragha. Mama atoke kidogo?"

"Abaki!" Harith alikunja uso kwa maumivu. "Abaki awe shahidi wangu."

"Una hakika?"

"Sina siri na mama'angu!"

Basi. Ummukulthum alivuta kiti, akamkalisha Bi Zuwena karibu kabisa na mto wa mwanawe, kwa adabu zote. Kisha akamwinamia mgonjwa.

"Harith, nisikilize vizuri. Ukisema kweli, nitamwita daktari akupe dawa nyingine. Ukinidanganya, hii itakuua. Tangu jana, umemeza vidonge vya nguvu za kiume?"

Harith alimtazama mama yake. Akakitazama kichupa. Kifua kikambana tena, machozi yakamtoka.

"Viwili," alinong'ona. "Na havikusaidia kitu, Kulthum. Ni yale yale ya siku zetu."