Bi Robo

Shanga zote sabini zilimwagwa kwenye ndoo ya taka kwa mkupuo mmoja, mbele ya watoto, na mbele ya mzazi aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wa mwanawe.

"Hizi zinapita," alisema mpishi. Mkononi alishika kile kibomba cha karatasi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kila kitu kilichoingia katika kituo kile cha kulelea watoto alikipitisha humo kwanza. Kikipita, basi, watoto hawakioni tena.

Mwalimu mpya aliduwaa. Wiki tatu nzima alizifinyanga shanga zile kwa mikono yake, akazichoma, akazipaka rangi moja moja, ili watoto wa miaka miwili wajifunze kuhesabu kwa kushika. Sasa zilikuwa zimelala juu ya maganda ya viazi.

"Ungeniuliza kwanza."

"Kinachomkaba mtoto hakipigi hodi," alijibu mpishi, akarudi jikoni kwake.

Watoto walimwita Bi Robo, kwa sababu hakuna tunda lililotoka jikoni mwake likiwa zima. Zabibu alizikata vipande vinne, kwa urefu. Karoti alizichemsha mpaka zikalegea. Karanga hazikuvuka kizingiti. Chakula cha saa sita kilifika saa sita na nusu, watoto wakilia njaa, na lawama zote zikamwangukia mwalimu. Bi Robo akimkuta mtoto anatafuna huku anakimbia, alimkalisha chini taratibu, kisha akamkaripia mwalimu. Mwezi mzima alikuwa amemkalia kooni, na mwalimu alikuwa amevumilia yanayovumilika.

Alimwendea mlinzi getini, maana mlinzi ndiye aliyejua habari za kila mtu.

"Yule mama ana nini?"

"Nasikia kulikuwa na mtoto," mlinzi alisema, akishusha sauti. "Zabibu moja tu ilimkaba, mchana kweupe. Mimi nilikuwa sijaajiriwa. Lakini unajua, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwache mwenzio."

Mwalimu aliingiwa na huruma, lakini haikukaa. Msiba ni msiba, alijiambia, na kila mtu ana wake. Haumpi mtu ruhusa ya kuugeuza rungu la kuwachapia wenzake. Alikwenda moja kwa moja ofisini.

Mkuu wa kituo alikuwa mwanamke mpole, mpole hadi akaudhi. Alikuwa akinoa kisu cha jikoni. Kila Jumatatu alikinoa mwenyewe, akakiweka dirishani, na mpishi akaja kukichukua akiwa nje. Bi Robo hakuwahi kuonekana akivuka mlango wa ofisi ile. Hata akiitwa na mkuu, alijibu huku macho yakiwa sakafuni. Mwalimu aliona ni kiburi tu. Ukutani zilibandikwa picha za watoto wote waliowahi kulelewa pale. Moja, ya mtoto mwenye meno mawili anayecheka, ilisimama peke yake mezani.

"Madam, yamenifika shingoni," alisema mwalimu, hata kabla ya kukaa. "Ama yeye, ama mimi. Amenidhalilisha mbele ya mzazi. Kazi yangu ya wiki tatu iko kwenye taka."

"Zilipita kwenye kibomba?"

"Zilipita, lakini hiyo si hoja. Ningewasimamia watoto."

"Kila mtu husimamia," alisema mkuu, bila kuinua macho.

Hapo mwalimu alichemka kwelikweli. "Unamtetea. Kila mtu humu ndani anamtetea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sikatai, na kwa hilo nampa pole. Lakini huwezi kumkabidhi mtu jiko la watoto thelathini kwa sababu tu unamwonea huruma."

Kisu kilisimama juu ya jiwe la kunolea.

"Simwonei huruma." Sauti ya mkuu ilikuwa imebadilika, na mwalimu alirudi nyuma hatua moja. "Usinisingizie huruma. Ziko siku namsikia akifungua bomba la maji kule jikoni, natamani nikamtoe kwa kumburuta. Alipoacha kazi nilishukuru. Halafu nilimfuata kwake mara tatu kumwomba arudi. Mara mbili alinifungia mlango."

"Mara tatu? Madam, wapishi wamejaa tele mjini. Kwa nini yeye?"

"Nilijaribu wengine wawili. Wazuri, wacheshi, watoto waliwapenda. Walikata zabibu wiki ya kwanza, wakakata wiki ya pili. Wiki ya tatu mmoja alichelewa kufika, akaona leo si neno." Mkuu alikijaribu kisu kwa kidole gumba, akakiweka dirishani. "Huyu hataona leo si neno. Mpaka anakufa."

Nje ya dirisha mkono ulijitokeza, ukakichukua kisu, ukatoweka. Hakuna aliyesalimia.

Mwalimu alitazama pale mkono ulipokuwa. Hasira ilikuwa bado imemkaa kifuani, ila sasa hakujua aielekeze wapi. "Kwa sababu ya mwanawe," alisema, kwa sauti ya chini.

Mkuu aliichukua ile picha ya mezani, akaigeuza ili mwalimu aione vizuri.

"Mwanangu mimi," alisema. "Mpishi wa siku ile alikuwa yeye, na alikuwa na haraka."